Kidevu cha Kisiki

Ukitaka kuwasha moto katika banda la ndondi, huna haja ya kumtukana mtu. Uliza swali moja tu: utajuaje kama bondia anaweza kula ngumi? Kisha kaa pembeni uone wanaume wazima wanavyorushiana maneno. Huyu atakwambia angalia shingo, mwenye shingo nene kichwa chake hakitikisiki. Yule atadakia, shingo kitu gani, angalia taya! Fundi wa kushona glavu, ambaye maishani mwake hajapigwa hata kofi la kumwamsha, atasema ni damu tu, mtu anazaliwa nayo. Mabondia wenyewe, ambao ndio wanaojua, utawakuta kwenye benchi wanajifunga bandeji mikononi na kucheka.

Katika banda hili ninalolisimulia, ubishi huo ulikuwa unakatwa kwa namna moja kila siku. Mwalimu wa ndondi, mtu mfupi, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, alikuwa akinyoosha kidole ulingoni na kusema, "Mnabishana nini nyie? Kidevu kile pale." Na pale ulingoni alikuwa Kisiki.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na watu waliomchapa. Bondia mmoja wa klabu nyingine alimtwanga raundi sita mfululizo, ngumi za kichwa tupu, akashuka ulingoni anahema, mikono imemfa ganzi, akasema, "Yule si mtu jamani, yule ni kisiki. Nimepiga mpaka nimechoka mimi." Jina likaganda hapo hapo. Na lilimpendeza mwenyewe, kwa nini nifiche? Mtu asiyeshinda mapambano mengi lazima awe na kitu cha kujivunia, na Kisiki hakushinda mengi. Alishindwa kwa pointi, akatoka sare, akashindwa tena kwa pointi. Lakini chini hakwenda. Ikafika mahali klabu za mbali zinaleta mabondia wao wanaochipukia wapambane naye, na mwisho wa pambano hakuna anayeuliza nani kashinda. Wanauliza: Kisiki katikisika? Akitikisika, basi bondia wao ana ngumi. Asipotikisika, wanamrudisha nyumbani akapige begi miezi sita. Mwili wa mtu mzima umegeuzwa mizani ya kupimia ngumi za wengine, na watu wanapiga makofi. Yeye naye anapunga mkono.

Sasa, yule mwalimu hakuwa mtu baki. Alikuwa mume wa dada yake Kisiki. Dada huyo ndiye aliyemlea Kisiki tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimchapa, alimbembeleza. Alipoolewa, Kisiki alikuwa na miaka kumi na nne, akahama naye pamoja na masanduku. Shemeji hakununa. Alimpokea vizuri, akamwekea kitanda sebuleni, na wiki ile ile akampeleka bandani na kumfunga bandeji ya kwanza kwa mikono yake. Kwa hiyo nyumbani akawa anamwita shemeji, bandani anamwita Mwalimu, na kote kuwili anampenda. Ukimsema vibaya Mwalimu mbele ya Kisiki ulikuwa unautafuta ugomvi, na ugomvi na mtu asiyeanguka ni kazi ngumu.

Riziki yake haikutoka ulingoni. Kisiki alikuwa mkandaji wa unga kwenye kiwanda kidogo cha mikate, kazi ya alfajiri mpaka saa sita mchana. Alikuwa na mabega ya kazi ile. Mwenye kiwanda, mama mmoja mpana waliyemwita Bi Mkubwa, alisema Kisiki peke yake anakanda kama mashine mbili na wala hali umeme. Lakini miaka ya karibuni mambo yalianza kwenda upogo. Mara ametia chumvi mara mbili. Mara amesahau hamira, donge la unga limekaa kwenye beseni halijainuka hata ukucha. "Leo Kisiki katuokea matofali!" wenzake wakamcheka. Naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Bi Mkubwa hakucheka. Alibandika karatasi ukutani juu ya beseni: unga, maji, hamira, chumvi, sukari, mafuta. Kila kitu akishatia, Kisiki akipige alama kwa chaki. Mtu aliyekuwa akikanda unga kwa miaka kumi na tano!

Nyumbani mkewe hakuficha. "Baba Pacha, nimekutuma sukari, umeleta sabuni. Jana hivyo hivyo. Hicho kichwa kina nini?"

"Jua kali tu, mama watoto."

"Jua gani linalochagua kichwa kimoja mtaa mzima?"

Akaenda kumwambia shemeji yake, maana jambo lolote lililomtatiza alilipeleka kwake. Shemeji akamkumbatia begani, akacheka mpaka machozi. "Uzee huo! Mimi jana nimetafuta miwani nyumba nzima, kumbe nimeivaa." Kisiki akarudi nyumbani moyo umetulia. Alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akashukuru.

Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, chama cha ndondi kilitaka kila bondia apimwe na daktari ndipo apewe leseni. Anapimwa macho, moyo, presha. Kisha daktari anamtajia maneno matano, bondia anayarudia, wanazungumza mengine kidogo, halafu anaulizwa tena yale maneno. Ndivyo kichwa kinavyopimwa kama bado kinashika. Daktari wa chama alikuwa mzee mmoja mvivu, Mungu amrehemu, aliyetumia maneno yale yale mwaka nenda mwaka rudi.

Lakini Kisiki hakujua kwamba ule ni mtihani. Msimcheke, nawaomba. Miaka sita nyuma, wiki kadhaa baada ya kupigana raundi kumi na bondia mmoja hatari aliyeitwa Radi, shemeji alimwalika kwa chakula cha mchana siku ya Jumapili. Dada alipoanza kuondoa sahani, shemeji akamwambia, "Kuna maneno matano ya leseni. Lazima uyashike. Kiti, ndizi, mvua, kengele, askari." Wakayarudia pale mezani, yeye na shemeji, na dada akishika mapigo kwa kijiko kwenye beseni la vyombo ili yaingie vizuri. Kisiki akaelewa kwamba ni kiapo. Kwani ajabu iko wapi? Askari ana kiapo chake, maharusi wana maneno yao, hata mwanafunzi ana ahadi ya shule. Bondia naye akakosa nini? Tangu siku hiyo, kila mwaka alikuwa akiingia kwa daktari, anasimama wima, na maneno yakitajwa tu anayatoa kwa heshima zote. Daktari mzee anaandika, hata uso hainui.

Mwaka huu ninaousimulia, Kisiki alikuwa na miaka thelathini na minane. Shemeji alikuwa amempangia pambano la Jumamosi mchana na bondia mmoja mnene wa mikono aliyeitwa Tingatinga. "Hili la mwisho," alimwambia. "Ukimaliza hili, unakuwa msaidizi wangu. Utapima videvu vya wengine." Kilichobaki ni leseni tu.

Alipoingia kwa daktari hakumkuta yule mzee. Alimkuta dada mmoja mdogo wa umri, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Karibu kaka yangu, kaa. Nitakutajia maneno matano, uyarudie baada yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

"Dirisha..."

"Kiti, ndizi, mvua, kengele, askari!" Aliyatoa kwa pumzi moja, kifua mbele.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Si ndiyo yenyewe?"

"Yenyewe yapi?"

"Ya leseni. Kiapo." Akaongeza ili kumsaidia daktari, maana alidhani ni mgeni wa kazi: "Labda hujaelezwa. Mwalimu wangu ananikumbusha kila mwaka. Tena ni shemeji yangu."

Daktari hakucheka. Akasogeza kiti karibu, akasema kwa upole kwamba watajaribu mengine. Dirisha, samaki, barabara, kisu, shati. Kisiki akayarudia matatu. Wakazungumza kidogo habari za mikate, za pacha wake, za mvua ya juzi. Kisha akaulizwa tena. Likaja dirisha. Akangoja. Akatazama dari. "Ndizi?" alisema.

Daktari akafungua kabati, akatoa faili lenye jina lake, akaanza kurudisha kurasa nyuma. Akafika mahali, akasoma mara mbili, akaligeuza faili ili Kisiki aone mwenyewe. Ilikuwa karatasi ya miaka sita iliyopita, wiki mbili tu baada ya pambano la Radi. Maneno matano: moja. Chini yake, kwa mwandiko wa yule mzee: Asipigane tena kabisa. Mwalimu wake ameelezwa. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya siku tisa baadaye. Maneno matano: matano. Na kuanzia hapo, kila mwaka, matano kwa matano.

"Hii ya kwanza unaikumbuka?"

Hakuikumbuka. Alikumbuka tu shemeji akimwambia siku hiyo, walipokuwa wanaondoka bila leseni, kwamba daktari ametoka, watarudi wiki ijayo.

"Tangu hapo umepigana mara ngapi?"

Hilo pia hakujua. Daktari akahesabu kwenye faili. Kumi na tisa.

"Lakini daktari," Kisiki akasema, na alisema kama mtu anayejitetea, "mimi sijawahi kuanguka. Kidevu changu..."

"Kaka yangu, nisikilize. Asiyeanguka si kwamba ngumi haikumwingia. Imemwingia, tena yote. Anayeanguka, refa anasimamisha, kichwa kinapumzika. Wewe umesimama, ukaendelea kupigwa. Hicho wanachokiita kidevu kizuri ndicho kilichokuponza." Akamshika mkono. "Leseni sikupi. Na lazima niandikie chama kwamba kuna mtu aliyefundishwa majibu. Hilo sina hiari nalo."

Kisiki alitoka pale akatembea kwa miguu mpaka bandani, mwendo wa saa nzima. Njia nzima alikuwa akitafuta sababu nzuri ya kumtoa shemeji yake kwenye lawama. Labda mzee hakumwambia. Labda alimwambia nusunusu. Mtu akikupenda unamtafutia kichaka cha kujificha hata kabla yeye hajakimbia.

Mwalimu alikuwa anafunga kamba za ulingo. "Enhe, leseni?"

"Shemeji, uliambiwa?"

"Niliambiwa nini?"

"Kwamba nisipigane tena. Baada ya Radi."

Mwalimu akaiacha kamba. Akacheka kidogo, kicheko kile cha miwani. "Nani kakutia maneno kichwani? Yule daktari wa juzi, hata ulingo hajawahi kuuona?"

"Nimeuliza, uliambiwa?"

Mabondia wawili waliokuwa wanaruka kamba wakaacha. Mwalimu akamvuta mpaka chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango. "Ningekwambia, wewe ungeacha?"

"Hukunipa nafasi ya kuacha."

"Ulikuwa unapenda, Kisiki! Watu wakikushangilia unalia kwa furaha, nimekuona kwa macho yangu. Nikuvunje moyo? Uende wapi, ukawe mkandaji wa unga tu?" Sauti ikaanza kumpanda, na mtu sauti ikimpanda hutoa asichotaka. "Na hili banda? Nani angekuja hapa? Wanakuja kwa ajili yako. Bila wewe mimi ni mtu mwenye mabegi manne na paa linalovuja!"

Basi, hapo ndipo alipojua. Miaka ishirini na minne anaitwa mtoto wa nyumba ile, kumbe amewekwa mlangoni kama bango la duka. Mikono ilimwasha, nasema kweli. Alikuwa na uwezo wa kumlaza Mwalimu kwa ngumi moja na kila mtu angeelewa. Hakumpiga. Alifungua mlango akatoka, na alipofika barabarani akakaa ukingoni mwa mtaro akalia kama mtoto, watu wanapita wanamtazama.

Barua ya daktari ilipofika chama, Mwalimu naye hakukaa bure. Alianza kuongea bandani, akaongea kwa fundi wa glavu, ambaye ukimwambia kitu umekitangaza redioni. Akasema Kisiki amewadanganya wote. Akasema alijifunzia majibu mwenyewe, kwa tamaa ya ulingo, na yeye Mwalimu ndiyo kwanza anasikia. Wiki haijaisha, kwenye kiwanda cha mikate mtu akamwuliza Kisiki, kwa masihara, "Eti ulikuwa unaibia mtihani?" Na chama kikaita kikao: kusikiliza shauri la udanganyifu wa leseni. Aliyeshtakiwa si Mwalimu. Aliyeshtakiwa ni Kisiki.

Loo! Mtu amepigwa kichwa miaka sita kwa kufichwa, halafu anaitwa mwizi wa majibu.

Siku mbili kabla ya kikao dada yake akaja kiwandani, mtandio umemwangukia mabegani, hana salamu ya kueleweka. Kisiki alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Wakasimama uani, kwenye magunia.

"Mdogo wangu, usilipeleke mbali hili jambo. Watamfungia. Banda litafungwa. Sisi tutashika wapi?"

"Dada, ulijua?"

Akatazama chini. "Nilijua kuna karatasi. Sikujua uzito wake. Aliniambia ni mambo ya kiofisi tu, kwamba maneno yale yatakusaidia."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanigongea kijiko."

"Ni mimi." Akaanza kulia. "Nilidhani nakusaidia, wallahi nilidhani nakusaidia."

Na Kisiki, mnajua alifanya nini? Alimfuta machozi, akamwachia unga mashavuni. Mimi ningekuwa yeye ningekuwa nimeshapiga kelele mtaa mzima ukasikia, lakini yeye alikuwa na huyu tu duniani aliyemjua tangu hajajua kutembea. "Sitaki afungiwe," alimwambia. "Sitaki kitu, dada. Nataka iandikwe kwamba sikuambiwa. Basi. Pacha wasije kuambiwa baba yao kajiharibu mwenyewe. Wewe ulikuwepo. Utasema?"

"Nitasema," alisema dada. "Wewe ni tumbo moja na mimi. Nitasema ilivyokuwa."

Alipoondoka, Kisiki alirudi kwenye beseni lake akakanda unga vizuri, na siku hiyo hakuruka hata alama moja ya chaki. Usiku ule alilala. Mkewe ndiye hakulala. Alikaa akiandika kwenye karatasi mambo yote ambayo mumewe angeulizwa, moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ofisi ya chama, juu ya duka la vifaa vya shule. Meza ndefu, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Mwenyekiti alikuwa bondia wa zamani mwenye pua iliyolala upande. Kulikuwa na katibu mwenye kompyuta, na mjumbe mmoja aliyesinzia tangu mwanzo. Daktari alikaa karibu na dirisha. Mwalimu alivaa koti. Dada alikaa nyuma ya mumewe, si karibu na mdogo wake, lakini Kisiki hakulitia maanani hilo. Mke huketi na mumewe.

Wakamwuliza Kisiki alifundishwa na nani. Akasema. Alifundishwa lini? Akasema Jumapili.

"Mwezi gani?"

Akafungua karatasi ya mkewe.

"Usisome," mwenyekiti alisema, si kwa ukali. "Sema unachokumbuka."

Mwezi haukuja. Akasema ilikuwa baada ya chakula. Chakula gani? Hakikuja. Akasema kulikuwa na kijiko kinagongwa. Mjumbe akaamka, akauliza, "Kijiko?" na mtu mmoja nyuma akacheka. Mke wa Kisiki akamgeukia aliyecheka akamtazama mpaka akanyamaza.

Ndipo Mwalimu akaomba kusema. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, na sauti yake ilikuwa na huruma, jamani, huruma ya kumtoa nyoka pangoni.

"Waheshimiwa, mimi simlaumu. Huyu nimemlea, amelala sebuleni kwangu. Ile karatasi ya zamani inasema mwalimu ameelezwa, lakini sahihi yangu iko wapi? Haipo. Mzee wa watu amefariki, hatuwezi kumwuliza. Amebaki shemeji yangu na maneno yake. Sasa daktari wetu huyu hapa amepima na ameandika: kumbukumbu zake zimeharibika. Neno moja katika matano, dakika tano tu baada ya kutajiwa! Mtu kama huyo tumwamini anachosema kuhusu meza yangu miaka sita iliyopita?" Akatikisa kichwa. "Namwonea huruma. Lakini kukumbuka, hakumbuki."

Ugonjwa ule ule aliouficha miaka sita, leo kauvalisha koti, kausimamisha umtetee. Nimeshuhudia watu wabaya, lakini huyu aliwazidi kwa utulivu.

Daktari akaruka. "Mheshimiwa mwenyekiti, haiko hivyo! Mgonjwa wa namna hii husahau ya leo, ya zamani yanaweza kubaki. Na maneno yenyewe alinitajia kabla sijamaliza hata..."

"Daktari, siku hiyo mezani ulikuwepo?" mwenyekiti akauliza.

"Sikuwepo."

"Basi kaa, tafadhali."

Mwenyekiti akapekua karatasi zake. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwepo siku hiyo. Kisiki akanyanyuka kabla hajaulizwa, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Yupo! Dada yangu alikuwepo. Yule pale. Mwulizeni."

Dada akasimama. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama," mwenyekiti akasema, "uliwahi kumsikia mumeo akimfundisha ndugu yako maneno hayo?"

Alimtazama mdogo wake. Kisiki akamwitikia kwa kichwa, kama kumwambia sema tu, usiogope. Akamtazama mumewe, ambaye hakugeuka, alikuwa anapangusa miwani. Feni ikazunguka.

"Sikumbuki," alisema dada.

"Dada!" Mke wa Kisiki alipiga kelele.

"Sikumbuki," akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. "Ni siku nyingi."

Katibu akaandika. Vidole vyake vilisikika juu ya kompyuta, neno hilo moja, kisha vikatulia. Mwenyekiti akakuna ile pua yake iliyolala, akamgeukia Kisiki, na kwa kuwa ndivyo taratibu zinavyotaka, akamwuliza kama ana swali lolote kwa shahidi.

Kisiki alikuwa bado amesimama.

"Ninalo moja," alisema. "Dada, na mimi unanikumbuka?"

Dada akafunika uso kwa mtandio akaanza kulia. Kisha katibu akainua kichwa akauliza kama aliandike swali hilo, na mwenyekiti akamwambia aache, kwa sababu halihusu leseni.